Dhamana ya Hospitali kwa Nyumba za Wazee



Maudhui niliyopewa jioni hii, kwa mwenye kuyatazama juu juu, yaonekana kuwa ya makarani kuliko ya matabibu, kwani yahusu uchunguzi wa maradhi ya kuambukiza upasao kufanywa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali kwenda kukaa katika nyumba ya kutunzia wazee. Mgonjwa aingiapo hospitali hupokewa kwa maswali mengi na vipimo vingi. Apasuliwapo hutiwa saini karatasi za idhini. Afapo zipo taratibu zinazoheshimiwa na kila mtu. Lakini atokapo, aghalabu hutoka na karatasi moja iliyoandikwa kwa haraka na daktari aliye mdogo kuliko wote katika wodi, huku kitanda chake kikingojewa na mwingine aliyelazwa juu ya machela ukumbini. Saa hiyo ya kutoka, ambayo ni wachache waihesabuo kuwa ni saa ya tiba, ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa sababu maafa makubwa yaliyowafika wakongwe wa zama zetu yalipita humo pia, na yakapita huku waraka wa serikali ukiwa umeyafungulia njia.

Nasema mapema yale ninayoyaitakidi, ili msikilizaji ajue naelekea wapi. Wajibu wa kujua hali ya mgonjwa, na wa kukiri waziwazi yale yasiyojulikana, ni wa yule amtoaye mgonjwa, wala si wa yule ampokeaye. Kupima ni njia mojawapo ya kuutimiza wajibu huo, tena njia bora. Lakini pale ambapo kipimo hakipatikani wajibu wenyewe hauondoki, bali huzidi uzito. Fikira hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Katika Hadithi zilizo sahihi imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke penye ngamia wazima. Na mwenye kuzingatia ataona kwamba katazo lile halikuelekezwa kwa mwenye mazizi ya wazima, aambiwe asimame mlangoni akague kila mnyama ajaye, bali liliwekwa shingoni mwa yule ajuaye, au awezaye kujua, kilichomo ndani ya kundi lake mwenyewe.

Kabla ya kuingia katika matukio, yafaa tueleze kwa nini mzee aendaye nyumba ya wazee si sawa na mtu arudiye kwake. Kijana aliyepona homa ya mapafu akarudi nyumbani hukutana na watu watatu au wanne, ambao wengi wao wana afya na waweza kustahimili yale atakayowaletea. Mzee apelekwaye makazini huingia katika nyumba yenye watu arobaini, au themanini, au zaidi, ambao wote wameingizwa humo kwa sababu ile ile ya udhaifu. Hula meza moja, huketi baraza moja, na mikono ile ile ya mwuguzi au mtumishi ndiyo imwogeshayo huyu, imlishayo yule, na imgeuzayo wa tatu kitandani, tangu alfajiri hata usiku. Miongoni mwao wako waliopotewa na kumbukumbu, ambao huzunguka vyumba vya wenzao bila kukusudia dhara, na ambao haiwezekani kuwaambia wakae mahali pamoja siku kumi na nne na kutumaini kwamba watatii.

Na mwili wenyewe wa mzee huficha maradhi. Homa ambayo kwa kijana ingepanda siku ya kwanza, kwa mwenye miaka themanini na mitano huenda isipande kabisa. Kikohozi huenda kikawa kidogo. Ishara ya kwanza huweza kuwa kuchanganyikiwa, au kukataa chakula, au kuanguka tu njiani akienda msalani, mambo ambayo kila siku huhesabiwa kuwa ni ya uzee wenyewe. Kwa hiyo yule asemaye kwamba atampima mzee mwenye dalili peke yake, na asiye na dalili atamwacha aende, amejenga kanuni yake juu ya msingi ambao tabia ya wazee haiukubali.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, tabibu William Stead wa jimbo la Arkansas, Marekani, alitazama kifua kikuu katika nyumba za wazee za jimbo lake. Ilikuwa imezoeleka kwa matabibu kuamini kwamba mzee apatapo kifua kikuu huwa ni ugonjwa wake wa zamani, aliouficha tangu ujanani, ulioamka baada ya nguvu zake kupungua; basi hapana sababu ya kuwaogopea jirani zake. Stead alionyesha kwamba ndani ya nyumba zile maradhi yalikuwa yakihama kutoka kwa mkaaji mmoja kwenda kwa mwingine, na kwamba wazee wengi hawakuwa tena na alama ya ugonjwa wa zamani katika miili yao, hata wakawa wanaweza kuambukizwa upya kama mtu ambaye hakuwahi kukutana nao. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba elimu ya kwamba nyumba ya wazee ni mahali ambapo mgonjwa mmoja aweza kuwaangusha wengi ilikuwako karibu miaka arobaini kabla ya msiba ninaotaka kuuzungumzia sasa.

Mnamo mwezi wa Machi 2020, Uingereza, na hasa England, iliona kwa macho yake yaliyokuwa yakitokea kwa ugonjwa wa UVIKO-19 katika hospitali za kaskazini ya Italia, ikaingiwa na hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Tarehe 17 Machi wakuu wa huduma ya afya ya taifa waliziandikia hospitali barua ya kuzitaka ziwatoe kwa haraka wagonjwa wote ambao kwa maoni ya matabibu hawakuhitaji tena kulazwa. Na pamoja na kuahirisha upasuaji usio wa dharura, ilitumainiwa kwamba vitanda visivyopungua 30,000 kati ya 100,000 vingepatikana. Siku mbili baadaye ilitoka miongozo iliyotaka mgonjwa aliyeamuliwa kuwa aweza kutoka aondoke wodini ndani ya saa moja, na kwa kawaida awe ameondoka hospitali katika saa mbili zifuatazo. Kisha tarehe 2 Aprili ukatolewa waraka kwa nyumba za wazee ulioeleza kwamba kipimo cha kuonyesha kuwa mgonjwa hana virusi hakikuwa sharti kabla ya kuhamishwa au kupokewa humo.

Tusiwadhulumu waliotoa amri hizi. Walikuwa na vipimo vichache, hata ikabidi serikali ijiwekee lengo la kufikia vipimo 100,000 kwa siku mwisho wa Aprili; na walikuwa wakitazamia kwamba wiki zijazo wagonjwa wangekufa katika ujia wa hospitali kwa kukosa hewa ya oksijeni na kitanda. Tena mzee aliyepona, akabaki wodini katika siku zile, alikuwa katika hatari ya kuambukizwa hapo hapo alipo. Mtu yeyote aliyewahi kubeba jukumu la wodi iliyojaa atauelewa uzito wa hali ile. Lakini uelewa huo hautuondolei swali: wale watu takriban 25,000 waliotolewa hospitali na kupelekwa katika nyumba za wazee kati ya tarehe 17 Machi na 15 Aprili, waliwafikia wenyeji wao wakiwa na khabari gani?

Jibu ni kwamba wengi walifika bila khabari yoyote. Hawakupimwa, na wenye nyumba hawakuambiwa kwa lugha ya kueleweka kwamba kutopimwa kwao maana yake ni kwamba wangeweza kuwa na virusi. Palipokuwa na kipimo hapakukosekana jambo la kusema. Palipokosekana kipimo ilionekana kana kwamba hapana tena la kusema, na hapo ndipo kosa lilipokaa. Maana tarehe 13 Machi, yaani kabla ya barua ile ya kwanza, Patrick Vallance, mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sayansi, alikuwa amekwisha kusema katika redio kwamba yaelekea kuwa kwa kadiri fulani watu wasio na dalili huambukiza wengine. Yakini haikuwako, lakini shaka yenye nguvu ilikuwako, na shaka yenye nguvu katika mambo ya roho za watu yatosha kuleta hadhari.

Mabinti wawili waliofiwa na baba zao katika nyumba za wazee waliipeleka serikali katika Mahakama Kuu, na hukumu ikatolewa tarehe 27 Aprili 2022. Kila msimamizi wa hospitali angefaidika kuisoma, na huko kufaidika si kwa ajili ya kumjua mshinde na mshindi. Mahakama haikusema kwamba kuwatoa wagonjwa hospitali kulikuwa ni haramu kwa jumla, wala haikusema kwamba serikali ilipaswa kutoa vipimo ambavyo haikuwa navyo. Hata madai yaliyoegemea haki za binadamu iliyakataa, na dai dhidi ya wakuu wa huduma ya afya ikalitupa. Iliyoyaona kuwa batili ni yale maagizo ya Machi na Aprili, kwa sababu walioyatunga hawakuuzingatia uwezekano wa maambukizo kutoka kwa watu wasio na dalili, na hatari iliyowakabili wakongwe kwa sababu hiyo. Na ikaonyesha jambo ambalo lingeweza kufanywa bila kipimo hata kimoja: kuziambia nyumba za wazee kwamba kila ajaye kutoka hospitali, hata akiwa haonyeshi dalili yoyote, atengwe na wenzake, kadiri iwezekanavyo, kwa muda wa hadi siku kumi na nne.

Mabibi na mabwana, yatafakarini haya. Kilichokosekana hakikuwa dawa, wala mtambo, wala fedha nyingi, bali mstari mmoja katika waraka. Wakazi zaidi ya 20,000 wa nyumba za wazee walikufa kwa ugonjwa ule katika England na Wales kati ya Machi na Juni 2020. Na ijapokuwa hapana awezaye kusema ni wangapi kati yao wangesalimika kwa mstari ule, siwezi kuyasoma maneno ya waraka wa tarehe 2 Aprili bila ya moyo kuniuma. Tarehe 15 Aprili serikali ilibadili shauri, ikaamuru kila mgonjwa apimwe kabla ya kupelekwa katika nyumba ya wazee. Amri ilikuwa nzuri, nayo iliwakuta wengi wamekwisha kufika.

Insafu yanilazimisha nieleze upande wa pili. Wataalamu wa afya ya jamii wa England walipofanya hesabu zao baadaye walipata kwamba milipuko iliyoweza kuhusishwa na wagonjwa waliotoka hospitali ilikuwa 1.6 tu katika mia ya milipuko yote ya nyumba za wazee. Hesabu hiyo imebishaniwa, na ubishi una nguvu, maana huwezi kumhusisha mtu na mlipuko ikiwa hukumpima, na katika wiki zilizokuwa mbaya kuliko zote vipimo ndivyo vilivyokuwa haba kuliko wakati wowote. Hata hivyo kuna ukweli ndani yake ambao hatupaswi kuukimbia: virusi viliingia pia kwa miguu ya watumishi. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kwamba nyumba zilizowalipa watumishi wao mshahara walipokuwa wagonjwa zilipata maambukizo machache kuliko zile zisizolipa, na kwamba nyumba zilizotegemea vibarua waliozunguka huku na huko zilipata mengi zaidi. Mtumishi ambaye asipokwenda kazini watoto wake hawali atakwenda kazini akiwa na homa, na hapana uchunguzi wa mgonjwa mlangoni utakaoliponya jambo hilo.

Na juu ya kipimo chenyewe, tusikipe daraja isiyokuwa yake. Sampuli iliyotwaliwa puani siku ya Jumatatu yaeleza khabari za Jumatatu. Mtu aliyeambukizwa wodini Jumapili huenda akaonekana safi Jumatatu, akasafiri Jumanne, na kuanza kuambukiza Alhamisi akiwa katikati ya wenyeji wake. Katika nyumba moja ya wagonjwa na wazee ya jimbo la Washington, Marekani, walipopimwa wakaaji wote waliokubali mwezi wa Machi 2020, watu 48 walipatikana na virusi, na kati yao 27, yaani zaidi ya nusu, hawakuwa na dalili siku ile. Katika siku zilizofuata 24 miongoni mwa hao 27 waliugua. Mwenye kuvitazama vipimo hivi atafahamu kwamba cheti cha kutokuwa na virusi hakimwondolei mpokeaji haja ya kumweka mgeni wake chumba cha peke yake kwa siku kadhaa na kumpima tena.

Sasa niache ugonjwa ule ambao kila mtu aukumbuka, niende kwenye maradhi ambayo yamekaa kimya zaidi na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yatakayotusumbua kwa muda mrefu. Kuna bakteria wa tumboni ambao wamekuwa sugu hata kwa zile antibiotiki ambazo matabibu huziweka akiba ya mwisho. Mtu aweza kuwachukua matumboni mwake kwa miezi mingi, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka, pasipo kuumwa na chochote, mpaka siku atakapotiwa mpira wa mkojo au kupata kidonda cha mgongo, ndipo waingie katika damu. Hapa kipimo hakitazami pua. Huhitajika sampuli ya njia ya haja kubwa, nayo hupelekwa maabara kuoteshwa. Ni jambo ambalo wagonjwa hulionea haya na wauguzi huliahirisha, na kwa hiyo halifanywi mpaka liwe limeamriwa.

Huko Chicago, katika mwaka wa 2008 na 2009, bakteria wa namna hii walifuatiliwa kutoka kwa mgonjwa hata mgonjwa, na wagonjwa arobaini wakapatikana katika wilaya nne. Wengi wao walihusiana na hospitali moja ya wagonjwa wa muda mrefu, mahali wanapokaa waliofungiwa mashine za kupumulia. Lakini walipochorwa katika ramani wale wagonjwa na njia walizopitia, ilionekana kwamba walikuwa wamepita, wengine mara nyingi, kati ya hospitali za kawaida kumi na nne, hospitali mbili za muda mrefu, na nyumba za wazee kumi. Kila taasisi ilijiona iko peke yake, ilhali zote zilikuwa zikiwapokeza wagonjwa wale wale, na khabari ya ugonjwa mara nyingi ikabaki nyuma katika faili la hospitali ya kwanza. Jimbo la Illinois likajifunza. Tangu Novemba 2013 limeweka daftari moja la jimbo zima ambamo kila mwenye bakteria hao huandikwa, na hospitali au nyumba ya wazee impokeapo mgonjwa yaweza kuuliza humo na kujibiwa. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya maudhui haya, daftari lile limenivutia sana, kwa kuwa halikumzuia mgonjwa hata mmoja kwenda anakotaka. Limehakikisha tu kwamba khabari zake hazipotei njiani.

Israeli ilikwenda mbali zaidi. Bakteria hao walienea huko tangu 2006, na kufikia mwisho wa Machi 2007 walikuwa wamekwisha kuwapata wagonjwa 1,275 katika hospitali ishirini na saba. Wizara ya Afya iliona kwamba hospitali moja moja haiwezi kujiokoa, ikaunda jopo lenye mamlaka ya kisheria juu ya hospitali zote, likadai taarifa ya kila siku, likaamuru kila mwenye bakteria awekwe mbali na wengine pamoja na wauguzi wake wasiohudumia wengine, na likawawajibisha wakurugenzi wa hospitali wenyewe. Wagonjwa wapya, ambao walikuwa 55.5 kwa kila siku-mgonjwa 100,000 katika mwezi, walishuka hadi 11.7 kufikia Mei 2008. Kisha jopo likaelekeza macho yake kwenye hospitali za wagonjwa wa muda mrefu, kwa sababu lilitambua kwamba zikiachwa zitazirudishia hospitali kubwa kile zilichokwisha kukitoa. Hii ndiyo sababu mkuu wa hospitali asidhani kwamba kuichunga nyumba ya wazee ni hisani anayowafanyia wengine: mzee aliyempeleka leo na bakteria sugu ndiye atakayerudi kwake mwezi ujao na homa ya damu.

Hapa lazima nikabili hoja nzito kuliko zote, nayo ni ya haki ya mgonjwa. Yule aliyepatikana na vijidudu, ataenda wapi? Nyumba za wazee nyingi, zikisikia tu jina la bakteria sugu, hufunga milango, na mzee hukaa hospitali wiki baada ya wiki bila haja, akizidi kudhoofika, akiwa amefanywa mkosa kwa jambo ambalo huenda hospitali yenyewe ndiyo iliyompa. Jimbo la New York, tarehe 25 Machi 2020, liliamuru kwamba mzee asikataliwe katika nyumba ya wazee kwa sababu tu amethibitishwa au ameshukiwa kuwa na ugonjwa ule, na likazikataza nyumba hizo zisidai apimwe kabla ya kupokewa ikiwa hali yake imetulia. Tarehe 10 Mei Gavana Andrew Cuomo akaamuru kinyume chake, kwamba hospitali isimtoe mpaka kipimo kionyeshe kuwa ameondokewa na virusi. Ndani ya amri ya kwanza mlikuwa na kusudi jema la kumlinda mgonjwa asifukuzwe mlangoni, lakini lililindwa kwa kumnyima mpokeaji macho. Naamini kuna njia ya kati, na njia hiyo ni ghali: hospitali ipime na iseme ilichokiona, nyumba ya wazee isikatae kwa jina la ugonjwa peke yake, bali kwa kukosa chumba au watumishi wa kumtunza mtu huyo salama, na serikali iweke mahali pa kati, penye vyumba vya peke yake na wauguzi wa kutosha, ambapo aliyekosa pa kwenda akae hadi hatari ipite. Bila mahali hapo, kipimo hugeuka kuwa hukumu, na tabibu mwenye huruma atajikuta akiona afadhali asipime.

Hong Kong walikuwa wamejifunza hili kwa machungu ya ugonjwa wa SARS mwaka 2003. Baada ya msiba ule kila nyumba ya wazee ilitakiwa kuwa na ofisa wake aliyefunzwa kuzuia maambukizo, na ulipokuja ugonjwa wa 2020 wazee walioambukizwa walipelekwa hospitali na kutengwa huko, wala hawakurudishwa makazini kwa haraka. Vifo katika nyumba za wazee wakati wa wimbi la kwanza vikawa haba mno. Kisha, mwanzoni mwa 2022, aina ya virusi iitwayo Omicron ilipoingia na kuwakuta wakongwe wengi hawakuchanjwa, hospitali zilijaa, utaratibu ule ukavunjika, na maelfu ya wazee wakafa. Waliofanya vizuri miaka miwili hawakuweza kuishi kwa utaratibu wa kutenga peke yake.

Na sisi? Nyumba za wazee kwetu ni chache. Unguja tunazo za Sebleni na Welezo, Bara kuna makazi kama Nunge huko Kigamboni, na wazee wetu wengi, Alhamdulillahi, bado wanatunzwa na watoto na wajukuu. Lakini ndugu zetu, Wakenya na Watanzania, Waganda na Wakongomani, wanafanya kazi kwa wingi katika nyumba za wazee za Uingereza na Marekani, nao ndio wanaofungua mlango gari la hospitali lifikapo saa mbili ya usiku. Kwao nina neno la kazi tu. Mna haki ya kuuliza, kabla ya kumpokea mgonjwa, kama alipimwa, lini, kwa ugonjwa gani, kama wodi aliyotoka ilikuwa na mlipuko, na kama ana mpira wa mkojo au kidonda kilicho wazi. Na mkiambiwa kwamba haijulikani, liandikeni neno hilo, na jina la aliyewaambia, na saa yake, kisha mgeni wenu mpeni chumba chake na msimhesabu kuwa ni mzima mpaka ijulikane.

Kwa wakuu wa hospitali za hapa waliokuja kunisikiliza, ugonjwa ninaowaombea uangalifu si wa mbali. Kenya na Tanzania zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi thelathini zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mzee hulazwa kwa shinikizo la damu au kwa mguu uliovunjika, hukohoa wiki tatu bila ya mtu kuuliza, kwa kuwa si kikohozi kilichomleta, kisha huruhusiwa kwenda makazini, au nyumbani ambako atalala chumba kimoja na mjukuu mchanga. Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika hilo liliikubali mwaka 2010, na ambayo hospitali zetu nyingi za mikoa na za kaunti zinayo, huyatazama makohozi na kutoa jibu katika muda wa kama saa mbili. Naomba iandikwe katika karatasi ya kuruhusia wagonjwa, juu kabisa, kabla ya dawa na kabla ya tarehe ya kurudi kliniki, swali la kikohozi kilichozidi wiki mbili. Na palipoandikwa ndiyo, gari lingojee hizo saa mbili.